Tangi jipya, samaki sita wamekufa: nini kiliwaua na jinsi ya kulianza tangi upya

Kisa hiki kila anayefuga samaki wa mapambo Dar es Salaam atakitambua, maana hujirudia kwa sura ileile mtaa hadi mtaa. Tunakitumia kama mfano, na vipimo vyake tumevipanga ili msomaji aweze kufuata hesabu mwenyewe.

Tangi ni la kioo cha milimita 6, limetengenezwa na fundi wa vioo na aluminiamu: urefu sentimita 80, upana 30, kimo 40. Likijaa pomoni linabeba lita 96, lakini ukitoa changarawe, mapambo na nafasi ya juu, maji yenyewe ni kama lita 80. Jumamosi mchana likajazwa maji ya bomba. Chini zikatandazwa kokoto za matumbawe na makombe yaliyookotwa ufukweni, pembeni ikawekwa filta ndogo ya sponji inayoendeshwa na pampu ya hewa. Jioni ileile wakaingia samaki wa dhahabu kumi wenye sentimita 5 hadi 6, pamoja na plekosi mmoja aliyenunuliwa kwa ajili ya kusafisha kioo. Chakula kilitolewa mara tatu kwa siku, kiasi cha gramu 2 kwa jumla, na sehemu yake ikawa inazama bila kuliwa.

Siku ya pili maji yakawa meupe kama yametiwa maziwa. Siku ya nne alfajiri samaki wote walikuwa juu, midomo nje, matamvua yakienda mbio, na wawili walikuwa wamekufa. Mwenye tangi akafanya anachofanya karibu kila mgeni wa kazi hii: akamwaga maji yote, akaosha kokoto, akaipeleka sponji chini ya bomba na kuikamua mpaka yale maji ya kahawia yakaisha na sponji ikarudi rangi yake ya dukani. Maji mapya ya bomba, samaki ndani. Siku mbili hali ikaonekana nzuri. Siku ya saba wakafa watatu. Dukani akapewa dawa ya methilini bluu, akaambiwa samaki wana fangasi. Siku ya nane maji yamekuwa ya bluu, silikoni ya pembeni imeshika rangi, samaki mmoja zaidi amekufa. Akamwaga maji yote tena na kuosha kila kitu tena. Siku ya 11 ndipo tangi lilipimwa kwa mara ya kwanza, kwa vipimo vya matone. Majibu: amonia miligramu 2 kwa lita, nitriti sifuri, nitrati sifuri, pH (kipimo cha uchachu wa maji, 7 ikiwa katikati) 8.2, joto nyuzi 28. Maji ya bomba yaleyale, yakiachwa usiku kucha kwenye ndoo, yalikuwa na pH 7.4.

Waliobaki ni samaki wa dhahabu wanne na plekosi.

Majibu hayo yanasema nini

Mtu akiona amonia iko juu, macho hubaki pale. Lakini kinachoeleza kisa hiki ni zile sifuri mbili. Tangi lina siku 11 za samaki, kinyesi na chakula kilichooza, na bado hakuna nitriti wala nitrati inayoonekana. Maana yake hakuna bakteria wa kutosha wanaoigeuza amonia. Tangi lina umri wa siku 11 kwa kalenda, lakini kwa upande wa bakteria liko siku ya kwanza.

Kazi yenyewe huenda hivi. Samaki hutoa amonia, nyingi ikipitia matamvua. Bakteria wa kundi la kwanza, Nitrosomonas na jamaa zao, huigeuza kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu. Kundi la pili, hasa Nitrospira, hugeuza nitriti kuwa nitrati, na nitrati samaki wengi huivumilia hadi miligramu 40 kwa lita au zaidi. Bakteria hawa hawaishi kwa wingi ndani ya maji. Hujishika kwenye sponji, kwenye changarawe na kwenye kioo, na huzaliana polepole sana ukilinganisha na bakteria wa kuoza. Ule weupe wa siku ya pili ulikuwa ni bakteria wa kuoza waliofumuka kwa sababu ya chakula kilichozama, ungeisha wenyewe. Yale maji ya kahawia yaliyokamuliwa bombani ndiyo yaliyokuwa na mwanzo wa bakteria wanaotakiwa.

Sasa hesabu. Gramu moja ya chakula chenye protini asilimia 40 huacha takriban miligramu 37 za amonia. Gramu 2 kwa siku ni miligramu 74. Gawanya kwa lita 80, unapata karibu miligramu 0.9 kwa lita kila siku. Kufikia siku ya nne tangi lilikuwa linakaribia 3.6. Ndiyo sababu kifo cha kwanza kiliangukia hapo na si siku ya kwanza. Baada ya kumwaga maji, saa ilianza kuhesabu upya, na siku tatu baadaye vifo vikarudi.

Kuna jambo la pili ambalo wengi hawalioni: matumbawe. Amonia ndani ya maji iko katika hali mbili. Moja ni amoniamu, ambayo haina ukali mkubwa kwa samaki. Nyingine ni amonia huru, ndiyo inayounguza matamvua. Kipimo cha matone hukupa zote mbili kwa pamoja, na kinachoamua mgawanyo wake ni pH na joto. Kwa nyuzi 28, kwenye pH 7.4, amonia huru ni kama asilimia 1.7 ya jumla. Kwenye pH 8.2 ni asilimia 10. Kwa hiyo zile miligramu 2 zilikuwa na 0.2 ya amonia huru, wakati madhara kwenye matamvua huanza karibu na 0.05. Kama chini kungekuwa na mchanga wa mto badala ya matumbawe, kipimo kilekile cha 2 kingebeba takriban 0.03 tu. Matumbawe na makombe ni kalsiamu kaboneti. Huyeyuka kidogokidogo na kuipandisha pH, hasa pampu ya hewa ikiwa inafukuza kabonidayoksaidi. Samaki wenyewe wangeweza kuishi kwenye pH 8.2. Hawakuweza kuishi kwenye pH 8.2 yenye amonia.

Tusiwaache watuhumiwa wengine bila kuwahoji. Klorini ya bomba ni hatari kweli na inaunguza matamvua, lakini huua ndani ya saa chache baada ya maji mapya, si siku ya nne. Hapa mchango wake mkubwa zaidi ulikuwa kuua bakteria kwenye sponji. Silikoni mbaya, ile ya bafuni yenye dawa ya kuzuia ukungu, ingemaliza wote ndani ya siku moja au mbili, plekosi naye. Ugonjwa wa madoa meupe ungeonekana kwa macho, punje kama za chumvi kwenye mapezi. Oksijeni ilichangia: maji ya nyuzi 28 hubeba kama miligramu 7.8 kwa lita, wakati yale ya nyuzi 20 hubeba 9.1, na samaki wa dhahabu ni wa maji ya ubaridi, anapendelea nyuzi 18 hadi 24. Samaki aliyeungua matamvua hata oksijeni iliyopo anashindwa kuichukua, ndiyo maana wote walikuwa juu alfajiri.

Kuhusu dawa, tunasema wazi: kutoa methilini bluu kwenye tangi ambalo halijapimwa amonia ni kosa, na anayeuza samaki anapaswa kulijua hilo. Dawa hiyo ina kazi yake kwenye beseni la karantini. Ndani ya tangi lenye filta huwadhuru bakteria walewale wanaohitajika, na antibayotiki nyingi hufanya hivyohivyo.

Kosa la Jumamosi, kuingiza samaki kumi kwa mpigo, lilikuwa kubwa lakini lilitibika. Kama siku ya nne angebadilisha nusu ya maji kwa maji yaliyotolewa klorini, akaacha kulisha siku mbili na asiguse sponji, wengi wangepona. Kilichofunga mlango ni zile safisha mbili.

Samaki waliobaki

Wanne wa dhahabu wasibaki humo. Samaki wa dhahabu wa kawaida hufika sentimita 20 na kupita, na lita 80 ni finyu kwake tangu mwanzo. Warudishwe dukani, au wapate mwenye bwawa la nje lenye kivuli. Plekosi naye, yule anayeuzwa sana akiwa na sentimita 6, kwa kawaida ni wa jamii ya Pterygoplichthys na hufika sentimita 40. Hali mwani pekee, na kinyesi chake ni kingi kuliko usafi anaoufanya. Asipelekwe mtoni wala mtaroni. Jamii hii imeshavamia mito ya nchi nyingi za joto baada ya kutupwa na wafugaji, na huchimba mashimo kwenye kingo.

Mpaka wapate pa kwenda, wanakaa kwa utaratibu huu: kulishwa kidogo siku moja na kuachwa siku inayofuata, amonia ipimwe kila siku, na ikigusa 0.5 ibadilishwe nusu ya maji. Nitriti ikianza kuonekana, weka chumvi ya jikoni gramu 1 kwa kila lita, yaani gramu 80, ikiyeyushwa kwanza na kuingizwa kwa awamu tatu ndani ya siku moja. Nitriti huingia kwenye damu kupitia matamvua na kuifanya ishindwe kubeba oksijeni, hadi damu inakuwa ya kahawia. Kloridi ya chumvi hushindana nayo kwenye mlango huohuo na kuizuia.

Kulianza upya

Toa matumbawe na makombe yote. Nunua mchanga mnene wa mto au changarawe ndogo, kilo 14 hadi 15 zinatosha kwa tabaka la sentimita 4. Kabla ya kuosha, chukua kiganja kimoja, dondoshea siki. Ikitoa povu, ina chokaa, tafuta nyingine. Osha kwenye ndoo, koroga kwa mkono, mwaga, rudia mpaka maji yatoke maangavu. Mchanga wa mto huchukua muda, usiukatize.

Hakikisha meza inabeba. Maji, kioo na mchanga vinakaribia kilo 115. Pima kwa pima maji urefu na upana, na weka shiti ya styrofoam ya sentimita 1 chini ya tangi, maana kokoto moja ndogo chini ya kioo inatosha kulipasua. Mbali na dirisha, kwa sababu ya mwani na joto. Pampu ya hewa ikae juu kuliko usawa wa maji, au mpira wake ufungwe valvu ya kuzuia maji yasirudi, la sivyo umeme ukikatika maji yanaweza kurudi nyuma kupitia mpira hadi kwenye pampu na sakafuni. Waya za umeme ziache zining'inie chini ya soketi kabla ya kupanda, ili tone la maji lidondoke sakafuni badala ya kuingia kwenye soketi.

Kwa filta, sponji mbili kubwa zinazoendeshwa na pampu ya hewa yenye matundu mawili zinatosha, na mahali ambapo umeme hukatika tunazipendelea kuliko filta za kopo lililofungwa. Umeme ukikatika saa kadhaa, kopo lililofungwa huishiwa oksijeni, bakteria hufa ndani na umeme ukirudi uchafu wote humwagwa kwa samaki. Sponji iliyo wazi ndani ya maji hustahimili zaidi. Pampu ndogo ya betri kwa ajili ya usiku wa giza si anasa. Hita huku Pwani haihitajiki. Arusha, Mbeya au Nairobi mwezi wa Julai ni lazima.

Maji ya bomba: gramu 1 ya sodiamu thiosulfeti kwa lita 100 inafuta klorini ya kawaida mara moja. Asiye nayo aache maji kwenye ndoo zilizo wazi saa 24 huku pampu ya hewa ikifanya kazi. Njia hii hutoa klorini lakini haitoi kloramini, yaani klorini iliyoungana na amonia. Maji ya kisima yanataka uangalifu wa aina nyingine. Visima vingi vya Dar vilivyo karibu na bahari vina chumvi, na maji yatokayo ardhini mara nyingi hayana oksijeni ya kutosha na yamejaa kabonidayoksaidi, kwa hiyo yapulizwe hewa saa 24 kabla ya kupimwa pH. Ukiyapima yakiwa mabichi, unapata namba isiyo ya kweli.

Sasa sehemu ndefu, na ndiyo wengi wanayoiruka: kulisha filta kabla ya kuwa na samaki. Njia safi zaidi ni amoniamu kloridi. Gramu 0.5 kwenye lita 80 hutoa amonia ya miligramu 2 kwa lita. Iweke, pima kila baada ya siku mbili, na kila ikishuka chini ya 0.5 iweke tena. Ukipata amonia ya maji ya dukani, tikisa chupa kwanza: ikibaki na povu ina sabuni, haifai. Ukikosa zote, kamba mmoja mbichi ndani ya kipande cha soksi ya nailoni atafanya kazi, ila harufu ipo na kiwango cha amonia hutakidhibiti.

Kwa joto la Dar, kwa kawaida amonia huanza kushuka yenyewe wiki ya pili na nitriti hupanda. Hapo nitriti hukaa juu, wakati mwingine wiki mbili nzima, na wengi hukata tamaa wakidhani kuna kitu kimeharibika. Hakijaharibika, kundi la pili la bakteria ni wazito zaidi kuanza. Jumla ni wiki nne hadi sita. Ukipata sponji chafu kutoka tangi lenye afya la mfugaji mwenzako, ukaikamulia ndani ya tangi lako, muda huo unaweza kupungua kwa nusu. Huo ndio msaada mkubwa kuliko wote mtu anaoweza kumpa mwanzilishi.

Kuna kikwazo kimoja cha katikati ya safari. Bakteria hawa wanapofanya kazi hula ualikali wa maji, yaani akiba inayozuia pH isianguke. Kila miligramu ya nitrojeni ya amonia hutumia kama miligramu 7 za ualikali. Ukiisha, pH huanguka chini ya 6.5 na kazi hupungua mno, hata kusimama. Ukiona amonia haishuki tena na pH imeanguka, yeyusha kijiko kimoja cha chai cha baking soda, kama gramu 5, na umimine polepole. Tunasisitiza baking soda, ile ya kuokea. Magadi ya mawe, yale ya kulainishia maharage, yana kaboneti nyingi na hurusha pH kwa ghafla.

Tangi liko tayari pale unapoweka amonia ya miligramu 2, na baada ya saa 24 amonia ni sifuri na nitriti ni sifuri, siku mbili mfululizo. Nitrati itakuwa juu sana, labda zaidi ya 100. Badilisha asilimia 80 ya maji siku moja kabla ya samaki kuingia.

Samaki gani, wangapi

Kwa lita 80 za maji ya joto na yenye ugumu wa wastani, gapi madume manane ni mwanzo mzuri, au plati watano. Tunasema madume kwa sababu jike mmoja wa gapi huzaa kila baada ya wiki nne hivi, na mara nyingi huwa ameshabeba mbegu tangu dukani. Kundi la kwanza lisizidi hapo. Kundi la pili lingoje wiki mbili, amonia na nitriti zikiwa zimebaki sifuri.

Anayependa matumbawe na makombe yake anaweza kuyatumia kwa samaki wanaoyahitaji. Ziwa Tanganyika lina pH ya karibu 8.6 hadi 9, na Neolamprologus multifasciatus, samaki asiyezidi sentimita 5, huishi ndani ya makombe matupu ya konokono Neothauma chini ya ziwa. Tangi la sentimita 80 linalitosha kundi la sita, na kuwaona wakihamisha mchanga kwa midomo kuzunguka kombe lao ni raha isiyochosha. Wafugaji wa Ulaya na Marekani wanawalea kwa miaka mingi. Inatuuma kwamba wengi wetu tunaoishi nchi moja na ziwa hilo hatuwajui. Wao hupenda nyuzi 24 hadi 27, kwa hiyo miezi ya joto la Dar feni ndogo inayopuliza juu ya maji inahitajika. Hushusha nyuzi mbili au tatu. Na hata wao hawaingizwi kabla filta haijaiva, maana kwenye pH hiyo amonia kidogo tu huua.

Siku ya kuwaingiza, zima taa. Acha mfuko wa samaki uelee juu ya maji dakika 15 ili joto lilingane, ufungue, ongeza kikombe kimoja cha maji ya tangi kila baada ya dakika tano, mara nne. Usivute muda kupita hapo kama samaki walisafiri saa nyingi: ndani ya mfuko uliofungwa kabonidayoksaidi huishusha pH na kuituliza amonia, ukifungua gesi inatoka, pH inapanda na amonia ileile inageuka kali. Wachote kwa wavu. Maji ya mfuko yaende chooni.

Lisha mara moja kwa siku, kiasi kinachoisha ndani ya dakika mbili, na siku moja ya wiki usilishe. Pima amonia na nitriti kila siku kwa siku 10 za kwanza. Kila wiki nyonya robo ya maji, lita 20, kwa mpira unaopita juu ya mchanga, na urudishe maji yasiyo na klorini yenye joto linalolingana. Sponji, ikianza kupunguza mapovu, ikamuliwe ndani ya ndoo ya maji hayohayo yaliyonyonywa, moja wiki hii na nyingine wiki mbili baadaye, na irudi ikiwa bado na rangi ya kahawia.